Shore Walipolia Mgungani

Cherotich alisikia kabla hajaona.

Alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, Seven Hills, ughaibuni, bakuli la wali wa jana mapajani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Julai, jua la kipupwe lisilopasha hata mgongo. Kwao Kenya, nje kidogo ya Marigat, ilikuwa saa moja asubuhi, na baba yake ndiyo kwanza ametoka kwenda kuwapiga picha ndege.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yao kila siku ambayo Cherotich alikuwa na zamu ya mchana. Mwalimu Douglas, maana hivyo ndivyo watu walivyoendelea kumwita miaka kumi na minne baada ya kustaafu, alisimika simu yake kwenye kistendi cha miguu mitatu, akaielekeza vichakani, halafu akaenda zake kuvizia. Cherotich alikula chakula chake akimtazama. Hawakuongea sana. Mara mojamoja mzee alirudi mbio mbio, akainamia simu mpaka pua ikajaa kioo kizima: "Umemwona keremkerem yule? Umeona alivyompigapiga nyigu kwenye tawi kabla ya kummeza?" Kisha huyoo, kaondoka tena na kamera yake shingoni.

Kamera yenyewe Cherotich ndiye aliyemtumia, mwaka mmoja baada ya mama kufariki, kwa mkono wa muuguzi mwenzake aliyekuwa anakwenda likizo Kenya. Hakutarajia makubwa. Alidhani mzee atawapiga picha mbuzi siku mbili tatu, kisha ataifungia kabatini. Badala yake simu ya Cherotich ilijaa ndege: kwenzi wenye mabawa yanayong'aa kama mafuta juu ya maji, chozi wakining'inia kwenye ua la mshubiri, hondohondo na mdomo wake mwekundu uliompita ukubwa. Wote walipigwa hapo hapo nyumbani, katika miba na mawe yaliyozunguka boma.

"Habari ya kazi?" Mwalimu aliuliza asubuhi hiyo, akirekebisha kistendi.

"Nzuri, Baba. Umekunywa chai?"

"Eh?"

"Chai! Umekunywa?"

"Nimekunywa. Leo lakini sijui kama nitakupa kitu. Kimya kabisa. Hakuna hata ndege mmoja anayelia."

Cherotich aliacha kutafuna.

Kwa sababu simu ilikuwa inapiga kelele. Shore walikuwa wanalia, tena si mmoja wala wawili, na si ule wimbo wao mtamu wa alfajiri. Ulikuwa mlio mkavu, wa kukatakata, kama watu wanaogombana huku wamekaukiwa na mate. Juu ya hao kulikuwa na mlamba, sauti yake ya kukwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Na wengine wadogo nyuma yao, ti-ti-ti-ti, bila kupumua.

"Baba, unasema kimya?"

"Nadhani ni ule upepo wa jana," alijibu mzee, akitazama huku na huku. Kisha akainua macho, na uso wake wote ukafunguka. "Aa! Kumbe wako kule! Tazama mgunga ule, Cherotich, wamejaa tele! Ngoja. Ngoja hapo hapo."

Akaondoa kifuniko cha lenzi, akaanza kutembea.

Alipokuwa na miaka sita, Cherotich alifundishwa ndege akiwa amefumba macho. Baba alimketisha juu ya jiwe, akamwambia asifumbue mpaka amtaje kila anayelia. Na siku shore walipolia mlio huu huu juu ya rundo la kuni, Baba alimshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini: "Shore akilia hivi hasemi na shore mwenzake peke yake. Anasema na kila mwenye masikio. Simama ulipo. Usiguse kitu mpaka umejua ni nini." Siku hiyo alikuwa nyoka, swila, amejikunja kati ya kuni ambazo mama alikuwa anakwenda kuzichukua.

Mtu aliyemfundisha hivyo ndiye huyu aliyekuwa anaufuata mlio ule kwa miguu yake mwenyewe.

"Baba!" aliita. "Baba, simama! Simama hapo!"

Mgongo wa koti la kijani uliendelea kwenda. Mti ulikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye simu. Cherotich aliinyanyua simu, akaisogeza mdomoni, akapiga ukelele mpaka mzee mmoja wa Kizungu, aliyekuwa anaota jua kwenye kiti chake cha magurudumu, akageuka kumtazama. Kule Marigat sauti hiyo haikuwa zaidi ya mbu ndani ya kopo.

Sasa aliona. Ndege walikuwa ishirini au zaidi, wametua kwenye ncha za nje za matawi, mikia juu, na vichwa vyote vimeelekea ndani, mahali pamoja. Hondohondo wawili walifika, wakaungana nao. Kwa mpiga picha hiyo ilikuwa karamu, na Mwalimu alikula karamu yake. Hatua moja, kamera jichoni. Hatua nyingine.

Cherotich alikuza picha kwa vidole viwili. Ikawa ukungu, ikajikusanya, ikawa ukungu tena. Matawi ya mgunga yalikuwa na miba mirefu myeupe kila mahali, isipokuwa tawi moja. Tawi hilo lilikuwa laini, rangi ya majivu, unene wa mpini wa ufagio. Upepo ulikuwa unayapeleka mengine kushoto. Hilo lilikwenda kulia.

"Koboko," alisema.

Watu husema nyoka huyo, koboko, humkimbiza mtu. Si kweli, na Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia si kweli. Ila akishtushwa karibu, hasamehi, wala haumi mara moja. Mwaka juzi alimuuma mchunga mbuzi mmoja ng'ambo ya korongo, wakambeba kwa pikipiki, wakafika zahanati ya karibu ambayo haikuwa na dawa ya sumu, wakaambiwa wasonge mbele. Hakukuwa na mbele. Cherotich alikuwa muuguzi na ujuzi wake ulikuwa unamtesa sasa: alijua kope huanguka kwanza, halafu ulimi huwa mzito, halafu kifua husahau kazi yake huku mtu bado anasikia kila kitu. Na kutoka pale mgungani hadi hospitali yenye mashine ya kupumulia ni saa moja na nusu, barabara ikiwa kavu.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Chibalonza, mwenzake wa zamu aliyetoka Bukavu, alichungulia akiwa bado amevaa aproni.

"Dada, iko nini? Uko nalia sababu gani?"

"Nipe simu yako! Hii yangu nikiikata simwoni tena."

Chibalonza hakuuliza la pili. Aliitoa, akaifungua, akaishika tayari. Cherotich aliitafuta namba ya Jepchumba, mke wa binamu yake, anayeishi boma moja na mzee. Kwa kuitafuta ilibidi picha ya Baba aisukume pembeni, ikawa ndogo kama kibiriti. Alisoma namba kwa sauti, Chibalonza akaibonyeza. Ililia mara nne. Mara tano.

"Haloo?" Nyuma ya sauti kulikuwa na mbuzi.

"Jepchumba, ni Cherotich. Baba yuko chini ya ule mgunga mkubwa karibu na korongo. Kuna koboko mtini. Yeye hajamwona."

"Uuui! Nakimbia sasa hivi."

"Ngoja! Usikimbie!"

Neno lilimtoka kabla hajajua kwa nini. Kisha akajua. Kutoka bomani njia ya mkato ingemtoa Jepchumba nyuma ya mzee. Angemwita, mzee asingesikia. Angemkaribia, angemgusa bega, na mzee angegeuka ghafla na ile lenzi ndefu kama mkono. Koboko angekuwa juu ya vichwa vyao wote wawili.

"Teremka korongoni," alisema. "Uzunguke, utokee mbele yake, ng'ambo ya mti, mbali. Akuone. Macho yake ni mazima. Inua mikono yote miwili na usimame. Usimwite. Hasikii."

Alipolisema neno hilo ndipo akalielewa. Hasikii. Si kwamba hakusikiliza, si upepo, si simu mbovu. "Eh?" zote zile za miezi iliyopita, alizozilaumu mtandao.

"Dada, kuzunguka ni mbali," Jepchumba alisema. "Nikikata hapa nafika upesi. Huko ni mara mbili."

Kwenye kile kibiriti cha picha koti la kijani lilisogea hatua moja.

Chibalonza alikuwa anamtazama. Mzee wa kwenye kiti cha magurudumu alikuwa anamtazama. Hakuna aliyeweza kumjibia.

"Zunguka," alisema Cherotich.

Kulikuwa na kishindo cha kitu kuanguka, na sauti ya Jepchumba ikapotea. Mbuzi walibaki. Mwanamke yule alikuwa ameitupa simu chini na kukimbia.

Cherotich aliirudisha picha ya Baba ikajaa kioo. Hatua zilizobaki hadi mtini zilikuwa sasa kama kumi na mbili. Mzee alisimama, akaishusha kamera, akatazama alichokipiga, akafuta kioo chake kwa ncha ya koti. Alikuwa anatabasamu; Cherotich hakuuona uso wake, lakini aliujua mgongo huo unapofurahi, mabega yanavyopanda kidogo. Shore walilia kwa nguvu zaidi. Mmoja alishuka karibu kabisa na kichwa cha mzee, akapiga mbawa, akarudi juu. Mwalimu akaiinua kamera kumfuata. Akasogea.

Ndipo picha ikaganda.

Mguu mmoja hewani, kamera jichoni, shore mmoja kati ya anga na tawi. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo.

"Hapana," alisema Cherotich. "Hapana, hapana, hapana."

Kiduara kilizunguka. Kisha kioo kikawa cheusi, na maneno yakamwambia simu imekatika. Alipiga tena. Mwanamke wa kwenye mtambo, kwa sauti ya upole, akamwambia mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga tena, naye akamwambia vilevile kwa upole ule ule.

Kilichobaki kilikuwa mbuzi. Chibalonza aliiweka simu yake kwenye benchi kati yao, sauti juu, na wanawake wawili wakainama kuwasikiliza mbuzi wa Marigat wakilia na kutafuna. Mmoja alikohoa. Kengele ya shingoni ilicheza kidogo. Cherotich alitega sikio kutafuta ukelele wa binadamu nyuma ya hizo sauti, na kila mara alipodhani ameusikia, aliinama zaidi. Kisha ilikuwa ni mbuzi tena.

"Mungu iko," alinong'ona Chibalonza, ameshika mkono wake. "Mungu iko pale kwa ule muti. Yeye hana lazima ya network."

Baada ya dakika kumi na moja laini ile nayo ilikatika.

Mapumziko yalikuwa yamekwisha tangu zamani. Sheria ya nyumba ile ilikuwa wazi, simu haziingii wodini, na Chibalonza, ambaye zamu yake ya jikoni ilimruhusu kutoka na kuingia, alisema atabaki na zote mbili. Cherotich akaingia. Alimvalisha sweta bibi wa miaka tisini na moja, akakosea vifungo, akavifungua, akavikosea tena. Bibi alimwuliza kama anasikia baridi. Alisema ndiyo. Aliwapa chai wawili, akamwagia wa tatu kwenye sahani.

Kichwani mwake neno moja lilikuwa linazunguka kama kile kiduara. Zunguka. Ingekuwaje kama angemwacha Jepchumba akate njia? Angekuwa amefika kabla ya picha kuganda. Alikuwa ameketi umbali wa bahari nzima, na bakuli la wali, akamwambia mtu mwenye miguu asiitumie. Kama Baba amekufa, hakuumwa na nyoka. Ameuawa na mwanawe kwa neno moja. Alimwona ameanguka chini ya mgunga, kope zimemzidi, akiwasikia wote na kushindwa kuwaambia. Kisha akakumbuka kwamba hata hilo la kusikia hana, na akalazimika kushika ukingo wa kitanda.

Saa tisa na dakika ishirini aliona Chibalonza anakuja kwenye ujia, anatembea upesi, na uso wake haukusomeka. Cherotich alitaka kumwambia asije. Alitaka abaki pale mwisho wa ujia maisha yote, ili jambo lenyewe lisifike.

"Shika," alisema Chibalonza. "Ni yeye. Iko nasema yeye mwenyewe."

Aliipokea kwa mikono miwili.

"Cherotich," ilisema sauti ya baba yake, kubwa mno, kama ya mtu anayehutubia. "Nimeanguka kidogo."

"Amekuuma? Baba, amekuuma?"

"Eh?"

"AMEKUUMA?" Vichwa vilitokeza milangoni ujia mzima.

"Hapana. Ni mkono. Nadhani umevunjika. Subiri, uzungumze na Jepchumba, mimi..." Sauti yake ikapinda, akamwachia simu mwenziwe.

Jepchumba ndiye aliyemsimulia. Alitokea korongoni, akainua mikono. Mzee alidhani anasalimiwa. Naye akainua mkono wake. Jepchumba akaelekeza kidole juu ya mti. Ndipo Mwalimu akaiondoa kamera jichoni na kuinua kichwa. Koboko alikuwa ameshateremka. Alikuwa kwenye tawi la chini, kichwa usawa wa kifua cha mzee, hatua tatu tu, mdomo wazi, na ule mdomo kwa ndani ni mweusi kama sufuria iliyoungua.

"Alisimama, dada. Ule mkono wa kunisalimia bado uko juu. Sijui muda gani. Mtu angeweza kumkamua mbuzi akamaliza. Nilikuwa naona miguu yake ikitetemeka na nasema, sasa atapiga goti, akipiga goti basi tumemkosa. Ndege walikuwa wanamshukia yule nyoka, wanamdonoa mkia. Mwishowe akafunga mdomo, akateremka na shina, akaingia kwenye kichuguu. Baba akarudi nyuma, kisigino kikanaswa na mzizi, akaangukia mkono. Kamera imepasuka."

"Ungekuja kwa nyuma..."

"Ningekuja kwa nyuma angegeuka. Najua."

Cherotich alikuwa ametarajia kwamba kama Baba angepona, hofu ingemtoka kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Haikutoka. Alirudi kwa yule bibi, akavifungua vifungo vya sweta, akavifunga upya, na bado akavikosea.

Jumamosi alimpigia akiwa nyumbani kwake, Mount Druitt. Mzee alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta mpaka kiwikoni, Jepchumba kando yake amemshikia simu. Cherotich alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi: ahame, apange chumba mjini, au aende kwa ndugu zake Eldoret. Aliyasema yote, kwa sauti ya juu, neno moja moja. Mwalimu alimsikiliza akitazama midomo yake kwenye kioo.

"Umejua tangu lini?" Cherotich aliuliza mwishowe. "Kwamba husikii?"

Mzee aliangalia plasta yake.

"Walianza chozi kunyamaza. Nilidhani wamehama, kwa ajili ya ukame. Halafu wale wadogo wadogo wote. Siku moja nikamwona shore juu ya paa, mdomo unafunguka na kufunga, na hakuna kinachotoka." Alifungua na kufunga mdomo wake mwenyewe, kuonyesha. "Mama yako alikuwa bado hai. Sikumwambia. Ningewaambiaje watu? Mimi niliyewachapa watoto kwa kutomtambua kwale! Kamera yako ilipofika nikasema, haya, macho yangalipo."

"Uliogopa, Baba? Siku ile?"

Hakuwahi kumwuliza swali hilo maishani mwake. Kwao baba hakuulizwa.

"Niliogopa," alisema Mwalimu Douglas. "Lakini nyoka nimewaona wengi. Kilichoniogopesha kilikuja usiku, nimelala na huu mkono. Nikajiuliza, walikuwa wananiambia. Wote wale, kwa nguvu zao zote. Wameniambia mara ngapi nami napita?"

Jepchumba alijifuta jicho kwa bega, maana mikono yake ilikuwa imeshika simu.

Walikubaliana machache siku hiyo. Plasta ikitoka, atapelekwa Eldoret kupimwa masikio, na kama kuna mashine ya kusaidia, ataivaa, atake asitake. Vichakani haendi peke yake. Kuhama, alisema, hapana. Angehama kwenda wapi kusikokuwa na ndege? Cherotich hakulazimisha. Alijua angelazimisha tena, wiki ijayo na nyingine, na kwamba kila siku saa nane mchana asingegusa chakula mpaka amwone.

"Jepchumba," mzee alisema, "hebu ipeleke simu dirishani. Ishike hapo."

Picha iliyumba, ikaonyesha chuma cha dirisha, anga, kona ya zizi. Kando ya kioo sauti ya Baba ikauliza:

"Haya. Nani yuko?"

Cherotich alifumba macho. Nje ya nyumba yake treni ilipita kuelekea mjini, akaisubiri iishe.

"Tetere," alisema. "Mmoja karibu, mwingine mbali."

"Tetere. Eeh."

"Kwera, wengi, kama wanajenga. Na kuna chozi."

"Chozi!" alisema mzee. "Upande gani?"

"Kushoto, nadhani. Kwenye mishubiri."

"Endelea. Usiniache."

Aliendelea. Alimtajia kwenzi, alimtajia gogota anayegonga mti mkavu. Na kila alipomaliza jina moja, kabla ya lile linalofuata, alizuia pumzi, akatega sikio zaidi, mbali, kule nyuma ya sauti zote hizo nzuri, akichelea kusikia ule mlio mkavu wa kukatakata ukianza.

"Nani mwingine?" aliuliza baba yake. "Mbona umenyamaza?"